Kufunga geji ya joto la maji kwenye gari ya zamani: sensa ikae wapi na ethi itoke wapi

Wakuu, kama unaendesha Corolla 110, Carina Ti, Mark II baluni, Hiace ya zamani au pikapu yoyote ya kubebea dagaa, ule mshale wa joto uliokuja na dashibodi usiuamini kivile. Gari nyingi za Kijapani kuanzia miaka ya 1990 mshale wake umetengenezwa makusudi ukae katikati, maji yawe nyuzi 80 au yawe 100 wenyewe umetulia tu pale pale, kiwanda hakikutaka dereva awe anapata presha kila mshale ukicheza kidogo. Shida ni kwamba ukija kuuona unapanda kwenda H mambo yanakuwa yashaharibika, maji yanachemka na gasketi ya hedi inaaga. Ndo maana kila mtu utamsikia "gari ilichemsha ghafla". Ghafla wapi, joto lilikuwa linapanda taratibu tangu Buzuruga hapa Mwanza ila hamna kitu kwenye dashibodi cha kukuonyesha.

Dawa yake ni geji ya kununua, yenye namba, unaifunga pembeni na ile ya kiwanda unaiacha hapo hapo ilipo. Kazi si ngumu, ukiwa na spana, bisibisi, kisu kikali na mita ya umeme unaanza asubuhi jioni unaendesha. Ugumu uko sehemu mbili tu, sensa (kile kipande kinachopima joto la maji) unaiweka wapi na ethi (njia ya umeme kurudi negativu ya betri) unaitoa wapi, na hizo mbili ukikosea geji inabaki urembo wa kuwaka usiku.

Tuanze dukani. Utakutana na aina tatu. Kuna ile isiyotumia umeme, ina kamrija kembamba ka shaba kametoka nyuma ya geji hadi kwenye sensa. Hiyo inasoma vizuri sana na inadumu, ila kamrija ukikakunja vibaya au ukikakata ndo basi, hamna fundi atakayekaunga, na kukapitisha kwenye ukuta wa injini pamoja na kichwa chake kunahitaji tundu kubwa. Ya pili ni ya umeme yenye mshale, ya tatu ni ya namba za dijitali, mara nyingi inakuja na volti za betri humo humo. Mimi kura yangu naipa ya umeme yenye mshale, mshale unauona kwa jicho la pembeni bila kusoma namba, ila kama dijitali ndo uliyoipata na ina alamu usiiache. Alamu ni kitu kikubwa kuliko rangi za taa.

Kabla hujatoa hela fungua boksi uangalie mambo haya. Moja, uso wa geji uwe na nyuzi za Selsiasi, kuna zinazokuja na Farenhaiti, unaona 180 unashtuka kumbe ni 82 tu. Ukiipata kwa bei ya kutupa sawa, ila ukumbuke 220 ya kule ni kama 104 ya kwetu. Mbili, sensa ina waya ngapi. Sensa ya waya moja inategemea bodi lake lenyewe liguse chuma cha injini ndo ipate ethi, ya waya mbili inajitegemea. Chukua ya waya mbili kama ipo, nitaeleza huko chini kwa nini. Tatu, uzi wa sensa, ile mikato yake ya kukazia. Nyingi zinakuja na uzi wa 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani), na hapa ndo watu wanaharibu vitu, sababu matundu ya 1/8 kwenye injini za Toyota na Wajapani wengine ni uzi wa BSPT (kipimo cha Kiingereza). Kwa macho ni kitu kimoja, unene unakaribiana kabisa, ila NPT ina nyuzi 27 kwa inchi na BSPT ina 28, kwa hiyo sensa itaingia mizunguko kadhaa vizuri tu alafu inaanza kukaza. Usiilazimishe kwa spana, utapasua alminiamu. Ndo maana mimi nashauri adapta ya kwenye paipu, uzi wake na wa sensa unakuwa mmoja.

Adapta yenyewe ni kipande cha alminiamu cha mviringo, kimetobolewa tundu la sensa katikati, unakata paipu ya juu ya rejeta unakichomeka pale katikati. Zinauzwa kwa milimita, kuanzia kama 26 hadi 40, zinaruka mbili mbili. Usiende dukani na jina la gari peke yake ukategemea muuzaji akuchagulie. Nenda na kipimo, legeza klipu gari ikiwa ya baridi, chomoa paipu upande mmoja upime upana wa ndani wa paipu, au unene wa ile shingo ya rejeta inapoingia. Ikiwa kubwa kidogo utahangaika kuiingiza ila itaingia kwa maji ya sabuni, ikiwa ndogo usijidanganye kwamba klipu itabana, itavuja tu hata ukaze mpaka paipu ilie.

Na paipu yenyewe iminye. Kama imekuwa ngumu kama kuni, ina nyufa pale inapojikunja au imevimba karibu na klipu, nunua mpya, usikate mzoga. Klipu nazo nunua nne mpya zile za kukaza kwa bisibisi, za kiwanda za kubana kwa koleo zikishachoka hazifai hapa.

Sasa kabla ya kugusa gari, ipime geji jikoni. Hii hatua watu wanairuka na ndo inayokupa uhakika. Chukua betri ya volti 12, unganisha geji, sensa itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni (ncha tu, plagi ya waya isiloe), na kama ni ya waya moja chukua waya mwingine ufunge kwenye bodi la sensa upeleke negativu ya betri. Washa jiko, angalia mshale unavyopanda, maji yakianza kutokota kabisa soma namba.

Hapo ndo utamsikia fundi pembeni, "Bosi, hii feki, maji yanachemka yenyewe inasema 96." Mwambie atulie, geji iko sahihi. Mwanza tuko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji kwa urefu huu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ile 100 ni ya Dar na Tanga kule pwani. Kwa hiyo ukiwa Mwanza, Musoma au Bukoba geji ikikupa kati ya 94 na 98 kwenye maji yanayotokota, hiyo ni nzima, funga. Ikikupa 85 au 108 rudisha dukani siku hiyo hiyo risiti ikiwa mkononi.

Na hilo la 96 likumbuke, sababu linahusu pia kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha kinayoshikilia, na presha hiyo inasogeza kuchemka kwa maji hadi kama nyuzi 115 kwa huku kwetu. Raba ya kifuniko ikichoka presha inapotea, maji yanarudi kuchemka kwenye 96, yaani geji inakuonyesha namba ambayo kila mtu anaita ya kawaida huku ndani ya hedi mapovu yanatembea. Ukifunga geji mpya na kifuniko cha mwaka gani sijui umefanya nusu ya kazi. Nunua kifuniko kipya chenye namba ile ile ya zamani, usiongeze ukidhani unaboresha, presha ikizidi unapasua rejeta ya plastiki.

Haya, sensa ikae wapi. Hapa kuna ubishi mwingi gereji ila ukijua maji yanavyozunguka unajiamulia mwenyewe. Maji ya moto yanatoka juu ya injini, yanapita paipu ya juu yanaingia rejeta, yanapoa, yanarudi kwa paipu ya chini. Ukiweka sensa paipu ya chini utakuwa unasoma maji yaliyokwisha kupozwa, raha tupu, geji inasema 70 wakati hedi inaungua. Kwa hiyo ni paipu ya juu, tena karibu na injini iwezekanavyo, isiwe karibu na rejeta.

Paipu ya juu nayo ina kasoro zake uzijue. Themostati (kile kifunga maji kinachofunguka chenyewe yakipata moto) ikiwa imefunga, maji hayapiti kwenda rejeta, kwa hiyo asubuhi geji itakaa chini muda mrefu alafu itaruka juu kwa kasi, usishtuke, ndo themostati imefunguka. Kwa Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye 82. Ila themostati ikigoma kufunguka kabisa, paipu inaweza kubaki na uvuguvugu huku injini inaungua, kwa hiyo bado mshale wa kiwanda una kazi yake, ndo maana nilisema usiutoe. Kasoro ya pili, na hii ndo mbaya zaidi, sensa inapima maji, haipimi hewa. Paipu ikipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani na geji inashuka. Dereva anaona 60 anashukuru Mungu. Geji ikishuka ghafla bila sababu, hasa ukiwa unapandisha mlima, paki uangalie maji, usifurahi.

Sehemu mbadala ni paipu za hita. Zile mbili nyembamba zinazoingia ukutani kwenda ndani ya gari. Maji yanapita pale hata themostati ikiwa imefunga, kwa hiyo geji inaamka mapema na inafuata joto la injini vizuri. Tatizo letu ni kwamba gari nyingi huku hita ilishavuja ikakatwa, fundi akaunganisha paipu ya kwenda na ya kurudi, sababu nani anawasha hita Mwanza. Kama zako zimeunganishwa hivyo maji bado yanazunguka, unaweza kukata hapo ukaweka adapta ndogo. Ila kama fundi aliziba kwa boliti kila upande, hapo hamna mzunguko, rudi kwenye paipu ya juu. Na kama hita yako ina koki inayofunga maji, sensa ikae kabla ya koki.

Kuchomoa sensa ya kiwanda ukaweka yako, hapana. Kwenye gari za EFI, zile za kupuliza mafuta kwa umeme, kuna sensa inayopeleka taarifa kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ukiichomoa hiyo gari itakunywa mafuta, itasumbua kuwaka, na feni inaweza kuchanganyikiwa. Hata ile ya mshale iache.

Sasa kazi. Gari ilale usiku mzima au ipoe kabisa, sio "imepoa kidogo". Rejeta ya moto ukifungua kifuniko maji yanarukia usoni, watu wamebabuka hivyo hivyo kila siku. Chomoa negativu ya betri. Weka beseni safi chini, legeza koki ya chini ya rejeta umwage kiasi tu, huhitaji kumaliza maji yote, yashuke tu chini ya paipu ya juu. Kama ni kulanti safi utairudisha, kama ni maji ya kutu rangi ya chai basi fursa hiyo, yamwage mbali na mifereji na mbali na kuku na mbwa, kulanti ni sumu na ina utamu unaowavuta.

Tafuta sehemu iliyonyooka kwenye paipu. Shikilia adapta pembeni yake uangalie mambo matatu, isiguse feni, isiguse feni belti, na boneti ikifunga isiigonge. Gari zenye feni ya belti kama Hiace na Mark II uwe makini zaidi, injini ikipigwa resi inainama kidogo kwenye maunti zake na kile kilichokuwa na nafasi ya kidole kinakuwa hakina. Geuza adapta ili sensa iangalie ubavuni au juu kwa mshazari. Ikikaa juu kabisa inakuwa mahali ambapo povu la hewa linajikusanya, ikikaa chini kabisa utapata shida kufika na uchafu utakaa kwenye plagi.

Hapa kwenye kukata watu wanakosea hesabu. Hukati urefu wote wa adapta. Adapta ina shingo mbili zinazoingia ndani ya paipu, na katikati kuna kipande kinachobaki wazi, ndo hicho unachopima ukakata urefu wake, mara nyingi ni sentimita chache tu. Ukikata urefu wote paipu itakuwa fupi, itavutika, alafu siku moja inachomoka barabarani. Kata kidogo kwanza, jaribu, ukiona inasukumana ongeza kukata. Kata iwe wima na safi, kisu kipya, usitumie msumeno wa chuma, unaacha vumbi la raba ndani na linaenda kuziba rejeta.

Sensa iingize kwenye adapta kabla adapta haijaingia kwenye paipu, ukiwa umeishika vizuri. Kwenye uzi tumia gundi ya kuzibia uzi au ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili tu, ukiacha uzi wa kwanza wazi ili isiingie ndani. Usizungushe tepu kama unafunga bandeji, kwa sensa ya waya moja tepu nene inaikatia ethi yake. Kaza mpaka ishike, alafu robo ya mzunguko, basi. Shaba laini hiyo.

Klipu zikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye shingo ya adapta, zisikae juu ya ukingo, na skurubu ya klipu ielekee mahali utakapoweza kufika baadaye bila kulala chini ya gari.

Tuje kwenye ethi, hapa nikae kidogo sababu ndo panapowashinda wengi. Sensa ya waya moja inapima kwa kupitisha umeme kwenye bodi lake. Ukiichomeka kwenye injini moja kwa moja, chuma kwa chuma, ethi ipo. Ila sasa wewe umeichomeka kwenye adapta iliyoshikiliwa na raba pande zote mbili, haijagusa chuma popote, iko hewani. Geji itakaa sifuri haiamki, au itakuwa inaruka ruka kwa umeme kidogo unaopita kwenye maji yenyewe, na utasema geji mbovu. Kwa hiyo adapta ivutie waya. Nyingine zina katundu kadogo ka skurubu kwa kazi hiyo, kama haina weka waya uliovuliwa chini ya klipu ukigusa alminiamu yenyewe, sio raba.

Na waya huo usiupeleke kwenye boliti yoyote ya bodi uliyoiona karibu, upeleke hadi pale pale ulipofunga ethi ya geji. Sababu yake ni hii, bodi na injini za gari za zamani ethi yake imechoka, zina kutu, taa na feni zikiwaka umeme unaorudi unasababisha tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu na sehemu, na geji inaisoma tofauti hiyo kama joto. Jaribio lake ni rahisi, injini ikiwa inaunguruma washa taa kubwa na feni ya AC kwa pamoja, mshale ukiruka hata nyuzi tano hapo hapo, hilo sio joto, maji hayapati moto kwa sekunde moja. Ni ethi. Sensa ya waya mbili inakuepusha na habari zote hizi, ndo maana nilikuambia uichukue.

Kupitisha waya ndani, usitoboe bodi. Kila gari ina raba mahali fulani ukutani ambapo furushi la waya za kiwanda linapita, mara nyingi nyuma ya betri au upande wa pedali. Chukua spoku ya baiskeli, isage ncha isiwe kali, funga waya kwa tepu ya umeme, choma pembeni ya furushi usukume taratibu mpaka utokee ndani. Kwenye injini waya uvalishe mpira wa kinga na uupitishe mbali na ekzosi, mbali na waya za plagi na mbali na feni. Waya za plagi zikilala pamoja na waya wa sensa mshale unacheza muziki.

Umeme wa geji utoke kwenye boksi la fyuzi chini ya usukani. Rudisha negativu ya betri kwanza, alafu tafuta kwa mita fyuzi ambayo swichi ikiwa imezimwa haina kitu, ikifika ON inapata 12. Ya waipa inafaa. Ya eabegi, ABS na kontroli boksi usiguse. Waya wa geji uwe na fyuzi yake ndogo ya ampia 3 hivi, geji haili umeme mwingi, fyuzi hiyo iko pale ili waya ukichubuka siku moja fyuzi iungue yenyewe bila kuunguza gari. Rangi za waya soma karatasi ya kwenye boksi, nyeusi karibu kila mara ni ethi, ila nyekundu kuna geji ni ya swichi na kuna geji ni ya betri muda wote, na ukikosea hapo utakuta betri imekufa Jumatatu asubuhi. Waya wa taa unganisha na taa ndogo ili usiku geji ipunguze mwanga.

Geji yenyewe weka kwenye nguzo ya kioo cha mbele au chini ya redio, popote jua la saa tisa haliipigi usoni. Ile gundi ya pande mbili joto la ndani ya gari linaiachisha, weka skurubu.

Sasa rudisha maji. Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji ya kuchuja, au nunua iliyochanganywa tayari. Najua utasema huku hakuna barafu ya nini kulanti, ila kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kulainisha wota pampu, na inasogeza kuchemka mbele kidogo. Elekeza pua ya gari juu, Mwanza milima ipo ya kumwaga, paki tu uso wa gari ukiangalia kilimani, handibreki na jiwe nyuma ya tairi. Kama hita yako ipo izungushe hadi moto wa mwisho. Jaza taratibu, washa injini kifuniko kikiwa wazi, minya minya paipu ya juu mkono ukiwa mbali na feni, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, ongeza. Themostati ikifunguka maji yatashuka kwa mkupuo, ongeza tena, mapovu yakiisha funga. Hapo kagua klipu zote nne kwa tochi. Mapovu yasipoisha kabisa hata baada ya dakika ishirini za kuunguruma, na yana harufu ya moshi, hilo ni la gasketi ya hedi na geji haikulileta, imelikuta.

Kusoma. Gari nzima yenye themostati ya 82 itatembea kati ya 82 na 95, feni ya umeme inaingia kama 93 hivi, inashusha, inazima, inarudi. Zunguka nayo siku chache ujue namba zake za kawaida, foleni ya Mabatini ni ngapi, kupanda Bugando na AC ni ngapi, barabara tupu ya Usagara mpaka darajani Kigongo ni ngapi. Baada ya hapo geji inaanza kukupa majibu kabla ya fundi.

Ikipanda ukiwa umesimama kwenye foleni na ikashuka ukitembea, ni feni. Kama feni ya umeme angalia swichi yake, rilei na mota, kama ni ya belti shuku ile klachi yake ya silikoni. Ikiwa kinyume chake, mjini ni safi ila ukifika Magu ukielekea Lamadi kwa spidi 100 inapanda taratibu bila kushuka, maji hayapiti vya kutosha au hewa haipiti, yaani rejeta imeziba ndani, au paipu ya chini inajinyonya, au wota pampu imechoka. Na kwa sisi wa pembeni mwa ziwa kuna sababu nyingine ya kuichunguza kwanza kabla ya kununua chochote, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mawingu kama moshi, ukipita katikati yao jioni wanajaa kwenye kondensa ya AC na rejeta, wanakauka wanakuwa kama sementi. Piga maji ya mpira kutokea upande wa injini kwenda mbele, presha ya wastani, ile mashine ya kuoshea gari inalaza mapezi.

Ikikaa 60 au 65 siku nzima, mara nyingi mtangulizi wako alitoa themostati. Kuna mafundi gari ikichemsha dawa yao ya kwanza ni hiyo, wanaitoa wanakukabidhi kama zawadi. Injini inabaki baridi, kontroli boksi linaongeza mafuta likidhani ni asubuhi, injini inalika mapema, na tatizo lililokuwa linachemsha gari bado lipo limejificha. Rudisha themostati mpya ya 82 alafu uone geji inasema nini, jibu likiwa baya ni heri ulijue ukiwa mjini.

Alamu iweke 102 au 105. Ikilia zima AC, fungulia hita ya moto yote kama ipo, jasho litakutoka ila inasaidia kushusha, tafuta pa kupaki bila kukimbia. Ikipita 110 zima injini. Usimwage maji ya baridi juu ya injini, usifungue kifuniko, subiri. Na kama gari inaendeshwa pia na mama watoto au dogo wa kukodi, wafundishe namba hizo mbili, 105 na 110, na lile la geji kushuka ghafla.

Baada ya wiki kaza klipu tena gari ikiwa ya baridi, raba inakuwa imejipanga na zitakubali nusu mzunguko. Alafu weka kwenye buti bisibisi inayoingia kwenye klipu hizo, klipu mbili za akiba na lita tano za maji, sababu paipu ambayo jana ilikuwa na viungo viwili leo ina vinne.